Mtungi wa Uruk na Nchi Isiyo na Jiwe

Hotuba hii niliitoa Jumamosi asubuhi hapa Mwanza, mbele ya walimu wa historia, wanafunzi wa sekondari na wazazi wao. Wengi waliokuwa safarini wameniomba, kwa hiyo naiweka yote kama nilivyoisema. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha. Palipohitaji picha nimeeleza kwa maneno.

Shikamooni wazee wangu. Walimu wenzangu, habari za asubuhi. Na ninyi wanangu mliojazana huku mbele, hamjambo?

Kabla sijasema lolote, geukeni mtazame dirishani. Mnaona nini? Mawe. Mwanza hii ukichimba msingi wa nyumba, jiwe linakupokea kabla jembe halijazama. Mama akitaka mafiga matatu, hatoki nje ya uwanja wake. Tumezaliwa juu ya mawe, tumecheza juu ya mawe, mpaka tumeacha kuyaona.

Sasa nawaomba mfikirie nchi isiyo na jiwe. Sisemi nchi yenye mawe machache. Nasema isiyo na jiwe. Unatembea kutwa, unakanyaga udongo. Unachimba kisima, unatoa udongo. Nyumba ni udongo, tanuri ni udongo, hata mundu wa kuvunia shayiri ni udongo uliochomwa mpaka ukawa mgumu. Nchi hiyo ipo. Ni kusini mwa Iraki, kati ya mto Frati na mto Tigri, ule ambao Biblia yetu ya Kiswahili inauita Hidekeli. Mito hiyo miwili ndiyo iliyoleta tope mwaka baada ya mwaka, ikaifunika nchi nzima. Watu walioishi hapo zaidi ya miaka 5,000 iliyopita tunawaita Wasumeri. Anayesoma kitabu cha Mwanzo, sura ya 10, atakuta mji uitwao Ereku katika nchi ya Shinari. Ereku ndiyo Uruk, na magofu yake leo yanaitwa Warka.

Na katika nchi hiyo isiyo na jiwe, watu wakachonga vyombo vya mawe. Kwa nini? Hilo ndilo swali lililonipandisha hapa mbele yenu.

Maana vyombo vya udongo walikuwa navyo tele. Huko Uruk wachimbaji wamefukua kwa maelfu bakuli za udongo za aina moja, nzito, zisizo na urembo, zilizotengenezwa kwa haraka. Wataalamu wengi wanaamini zilitumika kupimia watu posho yao ya nafaka. Ikivunjika moja, inatupwa, inachukuliwa nyingine. Kwa hiyo mwenye njaa hakuhitaji chombo cha jiwe. Mwenye kiu hakukihitaji. Basi nani alikihitaji?

Twendeni kwenye mtungi wenyewe.

Wachimbaji wa Kijerumani waliupata Uruk katika msimu wa 1933/34, ukiwa vipande, kwenye eneo la hekalu la Inanna, mungu mke wa mji ule. Ni wa alabasta, jiwe jeupe lenye kung'aa kwa upole, laini kiasi kwamba kisu kinalikwaruza. Ulichongwa kati ya mwaka 3200 na 3000 KK. Urefu wake unazidi mita moja kidogo, kimo cha mtoto wa chekechea. Nimeuita mtungi, lakini msifikirie tumbo la mtungi wetu wa maji. Fikirieni kinu cha kutwangia, kilichorefushwa, chenye kitako chake cha kusimamia, kinachotanuka kidogo kuelekea mdomoni. Na nje yake, kuanzia chini hadi juu, pamechongwa picha safu kwa safu.

Usomeni kutoka chini. Nawasihi, usomeni kutoka chini, kwa sababu mchongaji alitaka hivyo.

Chini kabisa kuna mistari miwili ya mawimbi. Maji. Juu ya maji kuna mimea: shayiri, na mmea mwingine ambao wengi husema ni kitani. Juu ya mimea kuna kondoo, dume na jike, dume na jike, wanafuatana wakielekea upande mmoja. Juu ya kondoo kuna wanaume. Hawana nguo hata kipande, wamenyolewa vichwa, kila mmoja amebeba chombo kilichojaa: huyu kikapu, huyu gudulia. Wanaelekea upande wa pili, kinyume na kondoo. Na juu kabisa, mbele ya mafungu mawili marefu ya matete yaliyofungwa kwa juu, amesimama mwanamke. Wengine wanasema ni Inanna mwenyewe, wengine kuhani wake. Anapokea.

Mmeona? Maji, shamba, mifugo, watu, mungu. Mtu aliyechonga hapa alikuwa anaeleza chakula kinatoka wapi na kinakwenda wapi, na hakuanza na mfalme. Alianza na maji. Mtu wa nchi ya mifereji anajua kwamba maji yakikosekana, hakuna kondoo, hakuna kikapu, hakuna ibada. Sisi tulio pembeni ya ziwa kubwa kama hili, tungechonga nini chini kabisa?

Niwaambie jambo moja kuhusu safu ile ya juu, jambo ambalo halijawahi kuniacha tangu nilipoliona kwa mara ya kwanza kwenye picha. Mbele ya mwanamke yule kuna mtu uchi anayemkabidhi kikapu. Nyuma yake palikuwa na mtu mwingine, mkubwa, mwenye vazi la heshima. Nyuma zaidi kuna mtumishi ameinua mikononi mshipi mrefu wa vazi hilo, wenye vishada. Mtumishi yupo. Mshipi upo. Mwenye mshipi hayupo. Jiwe limevunjika palepale, limebaki pindo la nguo na sehemu ya mguu. Wataalamu wanamtambua kwa kumlinganisha na picha za kwenye mihuri ya wakati ule, wanasema alikuwa mtawala wa Uruk.

Wabebaji hawana jina. Hawana nguo. Lakini wamefika kwetu wote, na vikapu vyao vimejaa. Mimi nikiwafundisha watoto kuhusu mji wa kwanza mkubwa duniani, mji uliofikia ukubwa wa hekta 250 hivi, nataka waanze na hawa.

Sasa nirudi kwenye jiwe. Lilitoka wapi?

Wasumeri walikuwa na utenzi kuhusu mfalme wa Uruk aliyeitwa Enmerkar. Mfalme huyu alitaka mawe ya milimani na johari za buluu ili ampambie Inanna nyumba yake. Mawe yalikuwa Aratta, nchi iliyoko ng'ambo ya milima saba. Akatuma mjumbe. Bwana wa Aratta akajibu kwa mtihani: nileteeni shayiri, lakini msiitie kwenye magunia, itieni kwenye nyavu. Mnaona mtego ulipo? Nani anaweza kusafirisha nafaka ndani ya wavu, juu ya punda, kuvuka milima saba? Enmerkar akaichipusha shayiri, na shayiri iliyochipua ikaziba matundu ya wavu. Punda wakaenda, nafaka ikafika, watu wenye njaa wa Aratta wakala.

Wajumbe waliendelea kwenda na kurudi mpaka siku moja maneno yakawa mengi na mazito, mjumbe akashindwa kuyabeba kinywani. Mfalme akachukua donge la udongo, akaliweka sawa, akayaandika maneno juu yake. Ndivyo utenzi unavyosimulia mwanzo wa maandishi. Historia haikwenda hivyo hasa; mabamba ya udongo ya kwanza kabisa kutoka Uruk, karibu 5,000, mengi ni hesabu za nafaka, kondoo na wafanyakazi. Lakini tazameni jinsi Wasumeri wenyewe walivyokumbuka: maandishi yalizaliwa kwa sababu watu wa udongo walihitaji mawe. Walikuwa na shayiri, hawakuwa na jiwe, ikabidi wazungumze na walio mbali.

Na hilo la kuzungumza na walio mbali si utenzi mtupu. Huko kusini mashariki mwa Iran, katika eneo la Kerman, kuna kilima kiitwacho Tepe Yahya ambako wachimbaji walikuta vipande vya jiwe la kijani kibichi cha giza, vingine vimechongwa nusu, vingine vimeharibika mikononi mwa fundi. Jiwe hilo linaitwa kloraiti, ni ndugu wa jiwe la sabuni tunaloliona kwenye vinyago vya Tabaka, kule Kisii. Vyombo vya jiwe hilo, vyenye nyoka waliosokotana, mitende, nge na mapambo kama ya mkeka, vimepatikana Sumer, vimepatikana kisiwa cha Tarut upande wa Uarabuni. Na kwa wale wanaodhani mambo haya yako mbali nasi: miaka elfu tatu na zaidi baadaye, mafundi wa kaskazini mwa Madagascar walichonga vyungu vya jiwe la jamii hiyohiyo, na majahazi yakavileta mpaka Kilwa.

Chombo kimoja cha namna hiyo kiko London, kwenye makumbusho ya British Museum. Ni kidogo, kinaenea viganjani, hakifiki sentimita 12 kwenda juu. Inasemekana kilitoka Khafajah, mashariki ya Baghdad. Juu yake mtu amekamata nyoka wawili kwa mikono miwili. Kando yake mtu mwingine yuko pamoja na ng'ombe wenye nundu. Ng'ombe wenye nundu, wanangu! Kama hawa wetu wa Usukumani.

Fundi alichimbaje tumbo la jiwe? Kwa keekee. Alitumia keekee ya upinde, ile ambayo maseremala wazee waliokaa huku nyuma wameishika kwa mikono yao. Upinde unakwenda na kurudi, kijiti kinazunguka, chini yake kuna mchanga uliolowa maji. Mchanga ndio meno. Jiwe halikatwi, linasagwa, punje kwa punje. Kosa moja siku ya mwisho, ukuta unapasuka, na jiwe lingine liko ng'ambo ya milima.

Lakini nisiwadanganye kwamba mawe yote yalikuja kwa shayiri. Mengine yalikuja kwa mkuki. Karne nyingi baada ya mtungi wetu, walitokea wafalme wa Akadi waliowatawala Wasumeri. Mmoja wao, Rimush, alipigana na Elamu na nchi iliyoitwa Parahshum, huko upande wa Iran, kisha akaweka vyombo vya mawe kwenye mahekalu ya Nippur na Ur, vimeandikwa kwamba vilitokana na ushindi ule. Chombo ambacho fundi alikisaga kwa subira kule mlimani, mwanajeshi alikibeba kama ngawira.

Na hapa ndipo jiwe lilipoanza kusema. Nataka mnisikilize vizuri hapa. Chombo cha udongo hakikuandikwa jina la mfalme kwa nadhiri ya milele; kingevunjika kesho. Jiwe lilichaguliwa kwa sababu halikuwa la nchi ile, na kwa sababu lilitarajiwa kudumu. Mtu akitaka Mungu wake amkumbuke mwaka hata mwaka, aliandika juu ya jiwe. Je, lilidumu?

Mfalme Lugalzagesi, aliyetawala Uruk karibu mwaka 2350 KK, alimwekea Enlil, mkuu wa miungu, mitungi mingi ya mawe katika hekalu la Nippur. Juu ya kila mmoja aliandikisha maneno yaleyale, marefu, kwa herufi ndogo nzuri: kwamba Enlil amempa ufalme wa nchi, kutoka bahari ya chini, yaani Ghuba ya Uajemi, kufuata Tigri na Frati, mpaka bahari ya juu, yaani Mediterania. Aliomba uhai, aliomba nchi ikae kwa amani kama ng'ombe kwenye majani. Wamarekani wa chuo kikuu cha Pennsylvania walipochimba Nippur mwishoni mwa karne ya 19, hawakukuta hata mtungi mmoja mzima. Walikuta vigae vya mawe. Mtaalamu Hermann Hilprecht akakaa navyo. Hapa mstari mmoja, pale nusu ya neno, kigae hiki kinaanzia pale kingine kinapoishia. Kwa kutumia vipande vya mitungi zaidi ya 60 akayapata maneno yote, mstari kwa mstari. Kila mtungi ulivunjika, lakini haikuvunjika mahali pamoja, na kwa sababu hiyo tunasoma.

Na Lugalzagesi mwenyewe? Sargon wa Akadi alimshinda vitani, akamfunga kongwa shingoni, akamleta mpaka lango la Enlil huko Nippur. Lango la hekalu lilelile alilowekea mitungi yake.

Kisa kingine ni cha Naram-Sin, mjukuu wa Sargon. Alikuwa na chombo cha alabasta kilichoandikwa: Naram-Sin, mfalme wa pande nne, chombo cha ngawira ya Magan. Magan ndiyo Oman ya leo na majirani zake wa pwani ile. Najua humu ndani kuna familia zenye ndugu Muscat na Sur, basi waambieni kwamba nchi yao ilijulikana kwa mawe na shaba yake miaka 4,000 iliyopita. Gudea, mtawala wa Lagash, mji mwingine wa Wasumeri, naye alijisifu kwamba jiwe jeusi la sanamu zake lilitoka hukohuko Magan. Sasa kile chombo cha Naram-Sin, wachimbaji wa Kifaransa walikifukua Babeli katika miaka ya 1850, wakakifunga kwenye makasha. Mei 1855 vyombo vilivyokuwa vikiteremsha makasha hayo mtoni vilishambuliwa karibu na Qurna, vikazama. Makasha zaidi ya 200 yakaenda chini. Chombo kiko huko hadi leo, ndani ya tope lilelile la nchi isiyo na jiwe. Kilichobaki ni yale maneno, kwa sababu kuna mtu aliyanakili kabla ya safari.

Kwa hiyo jiwe halidumu lenyewe. Linadumishwa.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na kibuyu cha maziwa. Siku moja kikaanguka kikapata ufa kuanzia mdomoni mpaka tumboni. Sikumsikia akisema kitupwe. Alipasha shazia moto, akatoboa vitundu pande mbili za ufa, akakishona kwa uzi wa katani, akapaka nta. Nilikua nikipitisha kidole juu ya mishono ile kila nilipopewa kibuyu kile. Ndiyo maana niliposoma kwamba mtungi wa Uruk ulitengenezwa zamani zilezile za Wasumeri, nilifunga kitabu nikakaa kimya. Ulivunjika karibu na mdomo. Fundi akaweka kipande, akakishika kwa vifungo vya shaba. Shaba, wanangu, nayo haikuwa ya nchi ile! Ililetwa kutoka mbali ili kuunganisha jiwe lililoletwa kutoka mbali. Hekalu lile lingeweza kuagiza mtungi mwingine. Wakaushona.

Ulishonwa mara nyingine tena, na wengi wetu tulio humu tulikuwa hai. Aprili 2003 majeshi ya Marekani yaliingia Baghdad. Kwa siku tatu, kuanzia tarehe 10 mpaka 12, waporaji waliingia kwenye Makumbusho ya Iraki. Vitu vipatavyo 15,000 vikaondoka. Wafanyakazi walikuwa wamefanya walichoweza: kabla ya vita walitoa vitu zaidi ya 8,000 kutoka kwenye makabati, wakavificha mahali pa siri, na wachache waliopajua waliapa kwa Qurani kwamba hawatapataja. Vitu hivyo vilisalimika. Lakini mtungi wetu ulikuwa ukumbini. Waporaji waliung'oa, kitako kikavunjika.

Miezi miwili ikapita. Ilitangazwa kwamba atakayerudisha kitu hataulizwa swali. Tarehe 12 Juni 2003, vijana watatu walifika kwa gari kwenye makumbusho wakiwa na mtungi. Vipande 14. Hatukuambiwa majina yao. Mafundi wa Baghdad wakakaa chini, wakaanza kuunganisha. Februari 2015 makumbusho yalipofunguliwa tena kwa umma, watu waliingia, na leo ukifika Baghdad utaukuta umesimama.

Walimu wenzangu, mtoto akiwauliza huu mtungi una umri gani, mwambieni miaka 5,000. Akiuliza ulitengenezwa mara ngapi, msiseme mara moja.

Nimebakiza kitu kimoja, nilikiacha makusudi. Rudini kwenye safu ya juu, nyuma ya yale mafungu mawili ya matete. Pale pana ghala la hekalu, na ndani yake wachongaji wameonyesha mali iliyokwisha kupokelewa: vikapu, wanyama, vyombo. Katikati ya mali hiyo, ukitazama kwa makini, kuna mitungi miwili mirefu yenye kitako, imesimama ubavu kwa ubavu, inafanana. Ni umbo hilihili. Fundi aliuchonga mtungi wake ndani ya mtungi wake, akauwekea mwenzake. Huu mmoja uko Baghdad, umeungwa kwa mara ya tatu. Ule wa pili haupo mzima popote, ila pale ghalani, nyuma ya matete, bado umesimama karibu na mwenzake.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.